Mnyama wa Mashimoni na Barua ya Mzee Kiarie

Mbithi hakuwa na kazi ya kuandikwa. Hakuwa na kitanda. Alilalia magunia mawili na godoro lililokonda kuliko yeye mwenyewe. Hakuwa na baba. Hakuwa na mbuzi hata mmoja, na kwao Machakos mwanamume asiyepeleka mbuzi watatu nyumbani kwa msichana ni kama hajasema neno. Hakuwa na meno mawili ya mbele, kwa hiyo kila alipotamka S, upepo ulipita pale pengoni ukapiga mluzi mdogo. Na lugha iliyozungumzwa ndani ya filamu aliyoitafsiri kila Jumamosi, hakuijua hata neno moja.

Alichokuwa nacho ni sauti. Kwa sauti hiyo alijaza kibanda cha video cha Wakoli pale mtaani Mashimoni, watu wakabanana hadi mlangoni.

"Mnyama, simamisha hapo."

Aliyesema ni Nduta, fundi wa kushona sare za shule kule Soweto East. Alikuwa benchi la mbele, mahali pake pa siku zote, na Mnyama ndilo jina alilomwita Mbithi. Wakoli akabonyeza deki, picha ikaganda. Ilikuwa filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe: msichana anakwenda kuishi katika kasri la Mnyama ili kumwokoa baba yake, ambaye kosa lake lilikuwa kuchuma waridi moja tu. Mnyama mwenyewe alikuwa mtu aliyebandikwa manyoya, na ukitazama vizuri shingoni uliona gundi. Mbithi aliketi kando ya televisheni, maikrofoni mkononi, akiwatia wote maneno mdomoni. Kwake kasri lilikuwa Karen kwa matajiri, na baba wa msichana alikuwa mchuuzi wa nyanya.

"Nini tena?" Mbithi aliuliza.

"Huyo msichana hawezi kuongea hivyo. Baba yake ni mgonjwa, na wewe unamfanya abembeleze kama anaomba sukari kwa jirani."

"Kwani wewe unajua lugha yao?"

"Wewe je?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mbithi naye akacheka, pengo likaonekana.

"Haya, fundi. Anasema nini?"

"Anasema: naenda kumwona baba, nitarudi siku ya saba. Haombi. Anakujulisha."

Mbithi akainua maikrofoni, akarudia maneno hayo kwa sauti nyembamba ya msichana, kisha akajibu kwa sauti nzito ya Mnyama:

"Nenda. Lakini siku ya saba ikipita sijakuona, utanikuta nimelala kando ya maji, na sitaamka."

Muda mfupi baadaye picha ikaingia chenga. Kanda ilikuwa imeliwa na deki miaka mingi iliyopita, na mwisho wake hakuna mtu Mashimoni aliyewahi kuuona. Kila wiki Mbithi aliutunga upya. Siku hiyo haikuwa Jumamosi, Wakoli alifungua kwa ajili ya sikukuu tu, na Mbithi aliwaozesha Mnyama na msichana mapema, maana ilikuwa siku moja tu baada ya Krismasi na watu walikuwa na furaha.

Walipotoka, Nduta alimvuta kando ya kioski cha maji.

"Mimi pia naenda kwa baba. Presha imempanda. Kesho nipige kura huko Kawangware, nimuuguze kidogo, halafu Jumatano ijayo nirudi."

"Siku saba."

"Siku saba. Na nitamwambia habari zetu. Lakini Mnyama, utamtumia nini? Mwaka wa pili huu umenyamaza."

"Sijanyamaza. Natafuta mbuzi. Nitafikaje kwa mzee mwenye ploti mikono mitupu?"

"Mbuzi, mbuzi. Siku moja nitaolewa na mbuzi mwenyewe." Akamfinya mkono. "Usife kabla sijarudi."

"Na wewe usichelewe."

Akaenda. Mbithi alimtazama mpaka kitambaa chake cha kichwa kikapotea katikati ya watu.

Kura zilipigwa Alhamisi. Jumapili jioni matokeo yakatangazwa, na kabla watu hawajamaliza kuulizana wamesikia nini, moshi ulikuwa umekwisha kusimama juu ya Gatwekera, mtaa wa jirani. Wakoli alifunga kibanda kwa kufuli mbili. Majirani walioazimana chumvi miaka kumi walianza kutazamana majina, nani ni wa kabila gani. Maduka yalifungwa, kadi za simu zikakosekana, na Mbithi akabaki na salio la kupiga simu moja tu. Aliitunza kama mtu anavyotunza kiberiti chenye njiti ya mwisho.

Jumatano, siku ya saba, Nduta hakurudi. Mbithi akaitumia ile simu yake moja. Haikupokelewa.

Alhamisi asubuhi simu yake ikalia mara moja. Ujumbe ulitoka kwa nambari ya Nduta:

"Mbithi usinitafute tena. Nimepata mtu wa huku kwetu. Nakutakia maisha mema. Nduta."

Akausoma. Akausoma tena. Kisha akatoka mbio hadi kwa Wakoli, akagonga mlango kwa kiganja.

"Wakoli, soma hii."

Wakoli alisoma polepole, midomo ikicheza. "Pole, ndugu yangu."

"Pole ya nini? Umeona ameniita nani?"

"Amekuita Mbithi. Si ndilo jina lako?"

"Nduta hajawahi kuniita Mbithi tangu tujuane. Hata akikasirika. Hata mbele ya pasta aliniita Mnyama, pasta akakohoa. Hiki si kidole chake, Wakoli. Kuna mtu ameshika simu yake."

"Au amekasirika kuliko siku zote."

Mbithi akarudi kwake na neno hilo. Siku mbili hakula vizuri. Jumamosi, barabara zilipotulia kidogo, alirudi kwa Wakoli akiwa amevaa shati lake la kanisani.

"Nipe ile kanda."

"Unaipeleka wapi?"

"Kawangware."

"We jamaa, una wazimu? Vijana wamekaa barabarani wanaitisha vitambulisho. Huko hujui mtu."

"Namjua mmoja. Kama ameniacha, aniambie kwa mdomo wake. Kama hajaniacha, siku ya saba imepita na mimi ndiye ninayekufa hapa kando ya maji."

Wakoli alimtazama, akaingia ndani, akarudi na kanda imefungwa kwa gazeti.

"Deki yangu siitoi. Na ukiuawa, usinitaje."

Mbithi alitembea. Karibu na Dagoretti Corner, mawe yalikuwa yamepangwa kukata barabara, na matairi yaliyochomwa yamebaki waya tu. Vijana sita wakainuka.

"Simama hapo, buda. Kitambulisho."

Akakitoa. Mkubwa wao akakigeuzageuza.

"Mbithi. Wa Machakos. Umetoka wapi na unaenda wapi?"

"Nimetoka Mashimoni. Naenda Kawangware kumwona msichana."

Mmoja akacheka vibaya. "Wakati kama huu?"

"Wakati kama huu ndio nimeambiwa ameniacha. Sikuchagua wakati."

"Na hiyo umeficha kwa shati?"

Mbithi akatoa kanda. Kila S iliyompitia pengoni ilipiga mluzi bila ruhusa. "Ni filamu tu. Msichana na Mnyama wa kasri. Hata haina mwisho."

Kijana aliyekuwa nyuma akasogea. Alikuwa na rungu, lakini uso wake ulikuwa umefunguka.

"Ngoja. Ongea tena. Sema, 'Nani amechuma waridi langu?'"

Mbithi akameza mate, akavuta pumzi, akaiachilia sauti ile nzito. Hata yule mkubwa akarudi hatua moja.

"Mmesikia?" yule kijana akasema. "Ni yeye. Nilikuwa naenda Mashimoni kila Jumamosi kumsikiza. Mpeni kitambulisho chake. Na wewe, Mnyama, pitia ndani, usifuate barabara kubwa. Halafu uniambie siku moja, yule msichana hurudi?"

"Ndilo naenda kuuliza."

Ploti ya Mzee Kiarie, baba yake Nduta, ilijulikana: vyumba kumi na viwili vya mabati, lango la kijani, na ng'ambo ya njia kibanda cha video cha Shivachi, chenye spika ya tarumbeta juu ya paa. Mbithi aligonga lango. Alifungua mwanamke mwenye aproni, macho ya Nduta lakini bila kicheko chake. Huyu alikuwa Waithira, dada mkubwa.

"Unataka nani?"

"Namtafuta Nduta. Mimi ni Mbithi."

Waithira alichungulia njia pande zote mbili. "Nduta hayuko. Alipelekwa Nyeri kwa shangazi. Hukupata ujumbe?"

"Nilipata. Uliuona wapi?"

Akasita. Kidogo tu, lakini Mbithi aliishi kwa kutazama nyuso za watu asiosikia lugha yao, na kusita huko alikusoma kama maandishi ya mlangoni.

"Aliniambia," Waithira akasema. "Nenda kwenu, kaka. Hata mbuzi mmoja hujawahi kuleta hapa, wala hata salamu. Unadhani baba yangu amekusahau kwa bahati mbaya?"

Lango likafungwa.

Mbithi aliitazama ile spika juu ya paa. Kisha akageuka, akavuka njia.

"Niaje, mzee," alimsalimu Shivachi. "Leo unaonyesha nini?"

"Kungfu. Watu wamechoka kungfu, lakini ndiyo niliyo nayo."

"Nina kanda moja. Nitaitafsiri bure. Nataka kitu kimoja tu: hiyo tarumbeta ya juu ielekezwe ng'ambo, kwa Mzee Kiarie."

Shivachi alitazama paa, akatazama lango la kijani, akatabasamu polepole. "Kuna msichana?"

"Yupo, au hayupo. Ndilo tutajua."

Saa nane mchana kibanda kilijaa. Watu walikuwa na kiu ya kucheka. Wiki nzima walikuwa wamesikia mayowe tu. Mbithi alishika maikrofoni, na tangu neno la kwanza aliwakamata. Alimfanya baba wa msichana aibe waridi huku akisingizia mvua. Wapishi wa kasri aliwafanya wabishane kuhusu chumvi. Sauti yake ilipanda kwenye waya, ikatoka kwenye tarumbeta, ikamwagika juu ya mabati ya Kiarie kama mawe ya mvua.

Filamu ikafika pale msichana yuko kwa baba yake na siku zinapita. Kwenye picha Mnyama alikuwa anayumba bustanini, peke yake. Mbithi akaisogeza maikrofoni karibu na mdomo. Kisha akasema kwa sauti ya Mnyama, lakini polepole:

"Siku saba zimepita. Kama ni wewe uliyeniandikia nisikutafute, kaa salama kwenu, sitasumbua tena. Kama si wewe, sikia sasa. Sikufa. Nimesimama ng'ambo ya lango la baba yako, Nduta, na shati la kanisani."

"Kwani huyo wa filamu anaitwa Nduta?" mtu akauliza.

"Nyamaza," mama mmoja akamkemea. "Hapo ndipo patamu."

Mbithi alingoja. Picha iliendelea bila maneno, hakuna aliyelalamika. Kisha nyuma kukawa na msukumano, na pazia la mlangoni likavutwa.

Nduta aliingia amekunja leso kwa mkono mmoja. Ndani yake kulikuwa na minji, zile njegere mbichi alizokuwa anabambua, na alipomwona Mbithi aliiachia leso, minji zikatawanyika chini ya mabenchi.

"Mnyama."

Basi. Neno hilo moja lilimtosha kuliko chakula cha siku mbili.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa? Niliambiwa ulipanda lori ukaenda Machakos, ukasema hutaki kusikia habari za watu wa kwetu. Nilikuwa hapo nyuma nabambua minji nikijilazimisha nikuchukie. Halafu nikasikia huo mluzi wako."

"Na ujumbe?"

"Ujumbe gani? Simu yangu ilipelekwa kuchajiwa Jumatatu. Sijaiona tena."

"Nani aliipeleka?"

Nduta akageukia mlango. Waithira alikuwa amekwisha kufika mlangoni akihema, na nyuma yake fimbo ilisikika ikigonga sakafu. Mzee Kiarie aliingia akiwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Watu wakampisha benchi zima.

"Nani anaita binti yangu kwa tarumbeta?"

"Ni mimi, mzee. Naitwa Mbithi."

"Najua unaitwa nani. Waithira, toa hiyo simu iliyo kwenye aproni."

"Baba..."

"Nina presha. Macho yangu ni mazima. Toa."

Waithira akaitoa. Hakuinamisha kichwa.

"Niliandika mimi," alisema. "Na sikudanganya kwa chuki. Kule barabarani wanasoma majina. Nduta wa Kiarie arudi Mashimoni wiki hii, akajieleze kwa nani? Afadhali alie hapa akiwa hai. Na huyu, mwaka wa pili hajatuma kitu. Nilisema moyoni, mtu asiyetuma kitu hatakuja."

"Nimekuja," Mbithi alisema.

"Nimeona." Waithira akafuta macho kwa aproni. "Sikujua kuna watu wanaokuja."

Nduta alichukua simu mkononi mwa dada yake. Hakumpiga, hakumtukana. "Tutaongea, Waithira. Tutaongea sana. Si leo."

Wakati huohuo picha ikaingia chenga, na kibanda kikalipuka kwa kelele.

"Mwisho uko wapi?"

"Shivachi, rudisha."

"Hakuna cha kurudisha," Mbithi akasema. "Kanda imeishia hapo. Mwisho wenyewe sijawahi kuuona."

"Mimi nimeuona," alisema Mzee Kiarie.

Wote wakamgeukia. Mzee akanyoosha mkono kwa Mbithi. "Lete hicho kitu."

Akaishika maikrofoni kwa mikono miwili, akaitazama, akakohoa. Kikohozi kikatoka juu ya mabati yake mwenyewe.

"Nilikuwa mfagiaji wa jumba moja la sinema mjini, nikiwa kijana. Filamu hii ililetwa wiki mbili. Niliiona mara kumi na moja, nimesimama nyuma na ufagio. Yule msichana hurudi. Hakuna anayemwita, hakuna anayemsukuma. Anarudi mwenyewe, anamkuta Mnyama kando ya maji, pumzi imebaki kidogo. Anapiga magoti, anamwambia neno."

"Anamwambia nini, mzee?" akauliza yule mama.

"Sijui. Sikuijua ile lugha. Lakini nilimwona uso, mara kumi na moja, na mara kumi na moja nilisahau kufagia. Basi Mnyama akafumbua macho, akageuka kijana mzuri mwenye meno yote."

Watu walimtazama Mbithi, wakacheka mpaka mabati yakalia. Nduta alicheka kuliko wote, huku machozi yanamtoka.

"Huyu abaki alivyo," alisema. "Akiota meno sitamjua kwa tarumbeta."

Walivuka njia wakaketi mezani kwa mzee, chai ikaletwa na Waithira mwenyewe. Mzee ndiye aliyeanza.

"Mwaka wa pili nimekaa kwa kiti hiki nikingoja barua."

"Barua gani, mzee?"

"Barua ya wazee wenu. Kwamba wameona ua katika boma langu, wanaomba siku ya kuja kuliuliza. Kwetu mtu hutuma barua, anajibiwa, ndipo anakuja."

"Kwetu mbuzi hutangulia. Bila wale watatu hata mdomo sifungui. Ndiyo sababu nilinyamaza. Niliona aibu."

Kiarie akaweka kikombe chini. "Mbuzi waje kabla ya kuitwa? Watajuaje njia?"

"Na barua ije bila mbuzi, mzee, ataifungua nani?"

Wakatazamana. Mzee akaanza kucheka kwanza, cheko la kifua lililomfanya Nduta akimbilie vidonge vya presha.

"Tumekaa mwaka mzima," alisema alipopata pumzi, "kila mmoja akimwona mwenziwe hana adabu. Lete karatasi, Waithira."

Mbithi akaandika. Kiarie alisimama nyuma ya bega lake, akasahihisha mahali pawili, akamwambia asisahau tarehe. Ilipokwisha, Mbithi akainuka, akamnyooshea kwa mikono miwili. Mzee akarudisha mikono nyuma kama aliyeonyeshwa moto.

"Usinipe mimi. Barua haipokelewi kwa mtu unayekunywa naye chai. Na haina sahihi ya mzee. Una nani kwenu?"

"Baba mdogo. Ndululu. Yuko Machakos, karibu na soko."

"Basi iende kwa Ndululu, aisome, aitie sahihi, ndipo ije kwangu. Ikifika nitaijibu. Wale mbuzi nitawaita humo, kwa maandishi, wawe na njia."

"Na mimi?" Nduta akauliza. "Nirudi lini Soweto East? Nina sare za watoto arobaini, na shule zitafunguliwa."

"Barabara ikipoa," alisema baba yake. "Utapelekwa na huyu, mchana, na Waithira atawasindikiza. Alitaka kujua kama watu huja. Sasa ajue pia kama hufika."

Waithira akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu Muema, dereva wa lori la ndengu kutoka Ukambani, alisimamisha gari karibu na lango la kijani akishusha magunia kabla ya kurudi Machakos. Mbithi alikuwa akilala kwa Shivachi, na bahasha ilikuwa bado wazi mezani, maana nyumba nzima haikuwa na gundi. Kiarie akaichukua, akalamba ukingo wake kutoka mwanzo hadi mwisho, akaibana kwa kiganja, akaigonga juu ya meza mara tatu. Juu yake aliandika jina la Ndululu kwa mkono wake, herufi moja moja, kisha akamkabidhi Mbithi, naye akakimbia nayo hadi kwenye dirisha la lori.

"Mkononi mwake mwenyewe, Muema. Si kwa mtu mwingine."

"Ni barua ya nini mnaishika hivi?"

"Ikifika utaambiwa."

Muema akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akawasha injini. Nduta alisimama langoni akiipungia barua mkono kana kwamba ni mtu anayesafiri. Lori lilipokata kona, Kiarie akarudi kwenye kiti chake cha barazani, akanyoosha koti, akaketi wima.

"Waithira," aliita, "mtu akiniuliza, mimi sijaona barua yoyote."